Makala ya Shemeji

Wanafunzi walimwita Mama Chanzo, na mwanzoni hawakumpa jina hilo kwa mapenzi. Alikuwa profesa wa kompyuta, mwanamke mfupi mwenye sauti nene inayosikika korido nzima. Mtu akitamka jambo mbele yake bila ushahidi, alimkata kauli kwa neno moja tu: "Chanzo?" Unasema programu yako ina kasi kuliko zote. Chanzo? Aya hii nzuri hivi umeitoa wapi? Chanzo? Hata nyumbani hakuna aliyepona. Mumewe, fundi majokofu mwenye karakana nyuma ya nyumba, alizoea kuwaambia wateja wake kwamba katika ndoa ile hata ukisema mvua inakuja, sharti uonyeshe wingu.

Mbali na kufundisha, alikuwa mhariri mkuu wa jarida la kitivo. Kazi hiyo haina makofi. Ni kusoma makala za watu, kuwatafutia wahakiki, kuwabembeleza hao wahakiki wasome, na mara kwa mara kumkuta msomi mzima kaiba kurasa za mwenzake kama mtoto aliyeiba sukari na midomo bado inang'aa. Mama Chanzo aliwarudishia makala zao bila kuangalia sura ya mtu. Waliomchukia walikuwepo, naye alikuwa akisema hana nafasi ya kuongeza wengine.

Nafasi ikapatikana siku daktari wa hospitali moja alipomwandikia kulalamikia makala iliyochapwa na jarida lake. Makala hiyo ilieleza programu ya kompyuta inayosoma picha za eksirei za kifua na kumtambua mwenye kifua kikuu. Kwa mujibu wa makala, haikosei karibu kamwe. Daktari yule aliijaribu, ikampitisha kuwa mzima mtu aliyekuwa akikohoa damu mbele yake. Aliomba kuonyeshwa picha zilizotumika kuipima.

Mwandishi wa makala alikuwa mkuu wa kitivo. Tena alikuwa shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, aliyewalea wadogo zake wote baba yao alipofariki.

Alasiri ileile Mama Chanzo akawaita wajumbe wa bodi ya jarida. "Huyu ni shemeji yangu," akasema. "Kwa hiyo mimi sihukumu, sichagui wahakiki, sipigi kura. Jalada analo naibu wangu." Akamkabidhi naibu mhariri, mhadhiri kijana mpole, ambaye cheo chake kijacho kilikuwa kinasubiri saini ya mkuu huyohuyo wa kitivo.

Wiki zikapita kimya. Mwishowe akamfuata naibu ofisini kwake.

"Profesa," naibu akasema huku akipanga kalamu zilizokwisha kupangika, "nimeona tuiache kwanza ipoe."

"Kinachoachwa kipoe ni uji. Kuna wagonjwa huko wanaambiwa ni wazima."

"Lakini si ulisema wewe hutaki kuhusika?"

"Nilisema sihukumu. Sikusema nimekufa. Tafuta wachunguzi wawili wa vyuo vingine wasiomjua. Usipowatafuta, nitakuuliza katika kila kikao mpaka nistaafu, na mimi nina afya njema."

Naibu akawatafuta. Wachunguzi wakaomba picha, na baada ya kuzungushwa sana wakazipata. Waligundua kwamba picha zilizotumika kuifundisha programu ndizo hizohizo zilizotumika kuipima. Ni sawa na mwalimu kuwapa watoto majibu muhula mzima, kisha kuwatungia mtihani wa maswali yaleyale na kujisifu kwamba wamefaulu. Hilo peke yake lingeweza kuitwa uzembe. Lakini picha zilizoishinda programu zilikuwa zimechomolewa moja moja, na kompyuta ilikuwa imetunza kumbukumbu ya aliyezichomoa.

Habari zikamfikia shemeji kabla ripoti haijapoa. Wakati huo jina lake lilikuwa linatajwa kwa ukuu wa chuo kizima, na ilibaki hatua kidogo tu. Jumapili iliyofuata akafika nyumbani kwa mdogo wake, naye hakuja peke yake. Alimleta mama yao.

Mama Chanzo aliandaa chai. Mkwe wake akaketi kwenye kiti chake cha siku zote, akavuta pumzi ndefu.

"Mwanangu," akaanza, "huyu ndiye aliyemsomesha mumeo. Asingekuwa yeye, mumeo leo angekuwa anazurura mitaani. Mtu hatemi mate juu, yatamrudia usoni mwenyewe."

"Nalijua hilo, mama. Sijalisahau hata siku moja."

Shemeji akadakia. "Shemeji, mimi na wewe ni watu wa fani moja. Kila mtafiti huondoa picha mbovu. Ni kusafisha data tu."

"Picha zote mbovu zilikuwa za wagonjwa, shemeji? Hata mzima mmoja hakupigwa picha mbovu?"

Shemeji akakoroga chai ambayo ilikuwa imekwisha kukorogwa. Mumewe alikuwa ameinamisha kichwa, anajikwangua grisi kucha.

"Nisikilize," Mama Chanzo akasema, na sauti yake ikashuka. "Iondoe mwenyewe. Andika kwamba matokeo hayaaminiki. Watu watasema alikosea, akajirekebisha. Siku hiyo nitakaa kando yako hadharani, na atakayekucheka ataanza kunicheka mimi."

"Na ukuu wa chuo?"

"Huo mimi sikuuandikia makala."

Shemeji akasimama. "Basi nikikikalia kile kiti, usije ukasema hukuambiwa."

"Nimeambiwa. Kaa umalize chai."

Hakukaa. Mkwe naye akainuka, akajifunga kanga yake vizuri, akatoka bila kuaga. Hilo la kutoaga lilimchoma Mama Chanzo kuliko vitisho vyote. Alimfuata mumewe karakanani, akamkuta kafungua jokofu ambalo halikuwa na ubovu wowote.

"Sema kitu basi," akamwambia.

"Nisemeje?" Mume hakugeuka. "Yule ni kaka, ni baba, ni kila kitu. Usiniombe nikushangilie, mama watoto. Siwezi." Akakaza skrubu, akailegeza tena. "Lakini sikuombi uache."

Ilibidi aridhike na hilo, akaridhika.

Adhabu hazikuchelewa. Kwanza alinyang'anywa darasa la wanafunzi wa uzamili, akapewa mwaka wa kwanza, umati uliojazwa kwenye ukumbi wenye kipaza sauti kibovu. Kisha kikao cha kitivo kikatangaziwa kwamba profesa "anapumzishwa" uhariri kwa kuutumikia muda mrefu, na kwamba naibu atashika nafasi. Mkuu wa kitivo aliisoma taarifa hiyo mwenyewe, bila kuinua macho.

Mama Chanzo akasimama. "Nashukuru kwa kupumzishwa, ingawa sijachoka," akasema, na mtu mmoja nyuma akacheka kabla ya kujizuia. "Ninaomba iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba leo, ninapoondoka, jarida lina ripoti ya wachunguzi juu ya makala ya eksirei, na haijafanyiwa kazi."

"Hiyo si ajenda," mkuu akasema.

"Ndiyo maana naomba iandikwe."

Nje ya ukumbi naibu alimkimbilia, jasho linamtoka. "Profesa, umeniacha motoni. Mimi nina watoto wadogo."

"Najua. Na mimi sikuombi uwe shujaa," akamjibu. "Mashujaa hufanya kazi za watu wengine. Wewe fanya yako."

Hakuna aliyemtegemea kijana yule, Mama Chanzo mwenyewe akiwemo. Basi toleo lililofuata lilipotoka, alilifungua bila matumaini, na pale ukurasa wa kwanza akakuta tangazo ndani ya fremu nyeusi: makala imeondolewa, matokeo yake yasitumike, na sababu zimeelezwa kwa lugha ambayo hata mhudumu wa mapokezi angeielewa. Chini kulikuwa na jina la naibu, kamili, bila kujificha nyuma ya neno "bodi". Mama Chanzo alikaa na jarida mapajani, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Hospitali zikaiacha programu ile. Ukuu wa chuo ukaenda kwa mtu mwingine kutoka nje, na shemeji akastaafu mapema. Mpaka leo hamsemeshi. Mkwe huja kumwona mwanawe, lakini hupitia geti la nyuma hadi karakanani na kurudi kwa njia hiyohiyo. Mama Chanzo humpelekea chai hukohuko. Siku nyingine huinywa, siku nyingine huiacha. Yeye haachi kuipeleka.

Na lile darasa la adhabu? Alilipenda. Alifundisha bila kipaza sauti, na maadili ya taaluma, somo ambalo zamani lilisubiri mwaka wa mwisho, akaliingiza kwenye wiki ya kwanza kabla hawajaandika hata mstari wa programu. Msichana mmoja alimuuliza, "Na anayekosea akiwa ndugu yako?" Wote walikuwa wamesikia habari za shemeji yake. "Unajitoa kwenye uamuzi," akajibu, "lakini hujitoi kwenye ukweli. Na usitegemee kulala vizuri. Mimi silali vizuri."

Mkuu mpya wa chuo alipomwita, alimpokea kwa tabasamu. Alitaka arudi kwenye uhariri. Ombi lake lilikuwa dogo tu, akasema: makala ya mtu mzito ikitiliwa shaka, kwanza wazungumze wao wawili, kimyakimya, kwa heshima ya chuo.

"Mlinzi anayekugongea kuomba ruhusa kabla ya kupiga kelele za mwizi," Mama Chanzo akasema, "huyo ni mgeni wako, si mlinzi. Mwachie kazi hiyo naibu wangu. Na yeye usimpe hilo sharti, maana atakukatalia vilevile."

"Fikiria kwanza, profesa."

"Nimefikiria nikiwa njiani kuja."

Akachukua mkoba wake. Upande wa pili wa uwanja ukumbi ulikuwa umejaa, na wengine walikuwa wamekaa sakafuni kwa kukosa viti. Akaingia, akaegesha mlango kwa kiti ili hewa ipite, na akaanza kufundisha kwa sauti yake yote.