Rizavu ya Ndege

Baba yangu alistaafu jeshini akiwa fundi wa helikopta, akafungua kibanda cha kuchomelea milango pale mtaa wa Kongo, Kawangware, jijini Nairobi. Wateja walimtania kwamba ndege pekee aliyewahi kumshika ni kuku. Alicheka nao, lakini mimi bintiye nilijua yanamkaa moyoni.

Kambi yake ya jeshini haikuwa kubwa. Ilijengwa na Wazungu wakati wa vita vyao, serikali yetu ikairithi, kisha ikawa kambi ya akiba: nyasi zinafyekwa, matangi yanajazwa mafuta, na watu wanasubiri siku kambi kubwa itakapozidiwa. Mafundi waliostaafu nao waliwekwa akiba, au rizavu kama walivyoiita wenyewe. Kila mwaka Baba alipaka buti zake rangi, na simu haikulia.

Mwaka huu mvua ilinyesha bila adabu. Mito ilifurika, huko Kibera watu wakahamia madarasani, na mashambani vijiji vizima vikabaki visiwa. Simu ikalia. Baba alivaa buti uji ukiwa bado mdomoni.

Mwenye ploti ya kibanda, mzee Mkikuyu aliyezaliwa hapo hapo na tuliyemwita Guka, yaani babu, akaniuliza, "Babako ako wapi?"

"Ameitwa rizavu, Guka."

"Woi. Rizavu," akasema kwa huzuni, akajiendea.

Nilisahau kwamba kwa wazee wa rika lake, rizavu ni kijijini kwenu, kule mkoloni alikowatengea Waafrika. Alidhani Baba amerudi kulima. Kufika Jumamosi alikuwa amempangisha kinyozi kibanda, kioo chake kikining'inia kwenye msumari wa Baba. Nikawaka.

"Guka, ni rizavu ya jeshi! Ya ndege!"

"Ai! Mimi nilidhani ya ng'ombe."

Kinyozi hakutikisika. "Siste, huyo buda yako wa ndege za mdomo? Akiletwa na jeshi nitahama."

Wiki mbili nilimeza mate machungu. Kisha lori la jeshi likasimama mbele ya kibanda, Baba akashuka, ovaroli imelowa grisi. Wanajeshi wawili vijana wakampigia saluti. "Asante, mwalimu. Helikopta zote ziliruka, unga ukafika vijijini."

Kinyozi akaanza kuteremsha kioo bila kuambiwa.

"Ngoja," Baba akasema, akikaa kitini. "Ninyoe kwanza."

Kongo nzima ilikuwa mlangoni. Guka akapenya na jogoo kwapani, ndiyo samahani yake. "Fundi, na huyu pia mshike."

Baba akampokea jogoo, povu likiwa bado kidevuni, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Safari hii hakukuwa na kitu kilichombakia moyoni.