Darsa ya Sheria ya Barabarani

Namshukuru Mola aliyezitandaza njia za nchi kavu na kuwajaalia waja wake kuzipita salama. Ndiye aliyenihifadhi ugenini mpaka ndevu zikawa nyeupe, na ndiye aliyenitoa katika hofu ninayotaka kuisimulia. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, aliyetufundisha kwamba hata kuondoa kitu chenye udhia njiani ni sehemu ya imani.

Miaka ile nilikuwa nakaa Mirdif, mtaa wa Dubai, nyumbani kwa binti yangu. Nilikuwa nimeshaacha kazi ya kuwaandikia watu maombi yao kwa Kiarabu, kazi niliyoishika tangu nilipoingia Dubai kutoka Unguja, na viza yangu na ya mke wangu zilikuwa chini ya mkwe wetu, ndiye kafili, yaani mdhamini wetu. Mke wangu alikuwa mgonjwa wa figo. Alikwenda hospitali kusafishwa damu, akarudi amechoka, akalala, kisha zamu yake ikafika tena. Kurudishwa kwetu kwa ghafla kungekuwa sawa na kumkatia uhai, na hilo nililijua kila nilipovaa viatu kutoka nje.

Nyuma ya maduka, karibu na msikiti tuliokuwa tukisali, palikuwa na kijia ambako waendesha pikipiki wa kupeleka chakula walikaa kungoja kuitwa. Wengi walikuwa Wahindi na Wapakistani, lakini wapo waliozungumza Kiswahili: Wakenya, Waganda, na Watanzania kidogo. Walikaa juu ya ukingo wa barabara, kofia ngumu zikiwa magotini, masanduku yao yakichemka juani. Jioni moja natoka kusali Alasiri nikawasikia wanabishana juu ya sheria ya barabarani, ambayo siku hizo ilikuwa imefanyiwa marekebisho. Huyu anasema pikipiki inashikwa, yule anasema dereva ndiye anayeshikwa. Nilikuwa na gazeti la Kiarabu kwapani. Nikasimama.

"Shikamoo, Mzee," akasema mmoja wao, Mkenya, mtu mzima mwenye familia huko Machakos. "Hiyo gazeti imesema nini kuhusu sisi?"

Basi nikawasomea. Na nilisoma kwa namna moja tu niliyoijua, ile niliyofundishwa na mwalimu wangu tangu utotoni. Ukiwasomea watu kitabu unaanza kwa Bismillahi. Unasoma sentensi ya Kiarabu kwa sauti ya kuvuta, unanyamaza, unaifasiri neno kwa neno, na wasikilizaji wanaitika "Naam" ili ujue wamefahamu ndipo uendelee. Ukimaliza unaomba dua na watu wanaitikia Amina. Nilikuwa nasoma habari za faini na alama nyeusi anazoandikiwa dereva kwenye leseni akikosa, lakini ulimi wangu haukuijua njia nyingine.

Waliipenda. Wakaniomba nirudi, nami nikawa narudi kila Ijumaa baada ya Alasiri. Rafiki yangu wa kazi ya zamani aliniwekea magazeti na nakala za matangazo ya serikali, nami nikafuatilia kila kilichobadilika: nani anayewajibika pikipiki ikiwa imeandikwa kwa jina la kampuni, alama nyeusi zinavyojumlishwa, namna ya kulalamika ukiona umeonewa. Wenyewe wakapaita pale darsani. Wakristo ndio waliokuwa wengi, na ndio waliotia Amina kwa nguvu zaidi.

"Mzee, hapo walipoandika chombo cha moto, na pikipiki imo?" aliuliza Mganda mmoja mcheshi.

"Imo."

"Na punda?"

"Punda hana leseni."

"Basi huyu hapa aondoke," akasema, akimsukuma yule Mkenya wa Machakos, na wote wakaangua kicheko. Nami nilicheka.

Msimu wa ukungu ulipoingia kicheko kikapungua. Asiyewahi kuishi Dubai huenda asijue kwamba nchi hii ya jua ina asubuhi ambazo huoni hata mkono wako. Ukungu unatoka jangwani, unaikamata barabara kubwa, na magari yanaendelea kukimbia kama kwamba Mungu amewapa madereva macho mengine. Mwenzao mmoja, Mpakistani, aligongwa kwa nyuma asubuhi kama hiyo akipeleka chai na mikate. Hakufika hospitali. Ijumaa ile nilipomaliza dua hakuna aliyeinuka.

"Supavaiza hataki kusikia ukungu," alisema wa Machakos. "Anakwambia yalla, haraka, mteja anangoja. Ukisimama, ni wewe na kafili wako. Sheria haijasema kitu hapo, Mzee?"

Tukakubaliana tuiandikie kampuni barua juu ya ukungu, ya kutiwa saini na wote, nami nikarudi nyumbani nikatafuta. Nilipata mstari uliosema dereva apunguze mwendo, na asimame mahali pa salama ikiwa hali ya hewa inamzuia kuona. Ijumaa iliyofuata nikausoma, nikaufasiri, nikaurudia. Yule Mkenya, aliyekuwa ameishika simu tangu Bismillahi, akaninyooshea karibu kabisa na mdomo.

"Sema tena hapo, Mzee. Polepole."

Nilidhani anataka kuukariri.

Haikupita siku nyingi ukungu ukashuka tena. Nilikuwa barazani na tasbihi yangu, sioni hata lango, nikisikia tu pikipiki moja baada ya nyingine zikipita kwa mngurumo mdogo, na kila moja nikiiombea ifike. Adhuhuri yule Mkenya akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshinda kesi.

"Mzee, leo nimesimama! Nimeegesha chini ya daraja mpaka nikaona mbele. Supavaiza akapiga, akapiga. Nikamwambia sheria inaniruhusu. Akasema nionyeshe. Nikamtumia darsa."

"Darsa gani?"

"Yote. Kuanzia Bismillahi mpaka Amina. Asikie mwenyewe ni Kiarabu safi."

Yeye alikuwa amemtumia bosi wake ushahidi, kama mtu anayemwita shekhe awe shahidi wake. Lakini supavaiza yule hakujua Kiswahili, na Kiarabu chake kilikuwa cha sokoni. Angesikia nini kwenye simu ile? Mzee asiyejulikana anasoma kwa sauti ya msikitini, wafanyakazi wanaitika kwa pamoja, kisha dua, kisha Amina ya wanaume wengi. Na nchi hii, kwa hekima yake na kwa kulinda amani yake, haimruhusu mtu kufundisha dini bila kibali, wala kukusanya wafanyakazi kwa jambo la madai. Mimi nilikuwa nasoma sheria tu. Kwa masikio ya mgeni, nilikuwa nafanya yote mawili kwa pamoja.

Ijumaa ile sikwenda kijiani. Nilisali nikarudi kwa njia nyingine. Kengele ya lango ikilia, nachungulia dirishani. Kumbe ni mtu wa maji. Gari nyeupe ikipunguza mwendo mbele ya nyumba, naanza kusoma Ayatul Kursiyyu, nayo inapita. Chakula kilinikataa. Nilimtazama mke wangu amelala na mkono wake uliovimba kwa sindano, nikahesabu moyoni yote yatakayokatika nikifungiwa viza: hospitali, dawa, kitanda kile. Nilimwomba Mungu anifiche. Nilimwomba hivyo hivyo, kwa neno hilo.

Kisha yule Mkenya akanipigia tena, safari hii kwa sauti ndogo.

"Mzee, kampuni wamepeleka ile sauti mbele, kwa polisi. Nimeitwa kituoni kesho asubuhi. Wanataka kujua huyo mzee ni nani. Usijali. Jina lako silijui, na namba yako naifuta sasa hivi."

Na kweli hakulijua. Pale kijiani nilikuwa Mzee tu, kama na yeye alivyokuwa kwangu mtu wa Machakos. Nikaona mlango wa kutokea, na naapa nilipoa moyo. Halafu nikaona kwamba mlango ule ni yeye. Asiposema jina, atahesabiwa kuwa amemficha mtu, na atakayepandishwa ndege ni yeye.

Niliwaeleza watu wa nyumbani. Binti yangu alilia.

"Baba, usiende. Wakikushika, mama nimpeleke wapi? Mume wangu ndiye kafili wako, na yeye ataitwa."

Mke wangu alikuwa ameegemea mto, tukidhani hasikii.

"Ulimsomea yeye au hukumsomea?" akauliza.

"Nilimsomea."

"Basi kesho uvae ile kanzu ya kola, imepigwa pasi." Akageukia ukutani, na nikajua kwamba na yeye anaogopa, ila hataki nimwone.

Asubuhi mkwe wangu alinipeleka. Njiani hakunitazama, nami sikumlaumu. Yule Mkenya tulimkuta kwenye benchi, kofia yake ngumu bado mkononi. Aliponiona aliinuka kwa hasira.

"Mzee, umekuja kufanya nini hapa? Rudi nyumbani!"

"Kaa, baba," nikamwambia. "Sauti ni yangu."

Tuliitwa pamoja. Afisa alikuwa kijana wa Kiimarati, mpole, na upole wake ulizidi kunitisha, kwa sababu sikujua unaficha nini. Akaiweka simu mezani na kuiwasha. Nikasikia Bismillahi yangu ikijaza chumba.

"Ya hajji, huyu ni wewe?" aliuliza kwa Kiarabu.

"Ni mimi."

"Una kibali cha kufundisha dini?"

"Sina. Sikufundisha dini."

"Na hii ni nini?"

"Sheria ya barabarani."

Akanitazama. Akairudisha nyuma sauti, akasogeza sikio karibu. Kiarabu changu ni cha vitabu, na nilikivuta kwa irabu zote, kwa hiyo hakikumwelea mara moja. Aliposikia "asimame mahali pa salama" alinyanyua kichwa.

"Alama za leseni unazisoma kama Juzuu Amma ya Kurani!"

"Ndivyo nilivyofundishwa kusoma, mwanangu."

Alicheka, akamwita mwenzake wa chumba cha pili aje asikie, na yeye akacheka. Mimi nilishindwa kucheka. Yule Mkenya, ambaye hakufahamu neno, alinikazia macho akitaka kujua tumekufa au tumepona.

Kisha afisa akaacha kucheka. Akasema kusoma sheria si kosa, na nia yangu ameiona. Lakini kukusanya watu kila wiki mahali pamoja ni jambo lenye utaratibu wake, na kueneza sauti za watu kwa simu kuna sheria yake pia. Akasema kama angeyaandika hayo yote, tungekuwa na siku ndefu. Akatuletea karatasi ya ahadi, kila mmoja na yake: kwamba hatutakusanyika tena pale, wala kurekodi. Nilitia saini yangu. Nilimfasiria mwenzangu karatasi yake kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kuvuta. Akatia yake.

"Khalas, yamekwisha," alisema afisa. "Rudini makwenu. Na wewe, ya hajji, niombee."

Nilimwombea pale pale, kimya.

Nje, mkwe wangu alinishika mkono mpaka garini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla. Nyumbani mke wangu aliniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akaamuru niletewe uji, na hapo ndipo machozi yaliponitoka.

Darsa ikafa. Barua tuliyokusudia kuiandika juu ya ukungu, ya kutiwa saini na wote, haikuandikwa. Yule Mkenya kampuni haikumfukuza, lakini ilimwondoa kwenye pikipiki na kumtia ghalani kupanga masanduku, kwa mshahara uliopungua. Nilimpigia kumpa pole.

"Pole ya nini, Mzee? Ghalani hakuna ukungu."

Alicheka. Akasema, "Lakini wale wengine bado wako huko nje."

Nalo ni kweli. Baada ya hapo nilipita kijiani kwa mtu mmoja mmoja. Sikusimama na watu wawili. Mtu akiwa na jambo lake, kama faini asiyoielewa au leseni iliyozuiwa, nilikaa naye kando, nikamsomea mstari wake peke yake, nikamwandikia lalamiko lake kwa jina lake mwenyewe, na hilo halikukatazwa. Wengine walipata haki zao, wengine hawakupata. Kila gari ilipopita taratibu nilinyamaza mpaka ipite. Hofu ile haikunitoka yote, na labda haikutakiwa initoke. Mke wangu aliendelea kutibiwa kwa muda mrefu, akafa kitandani kwake, mkono wake mkononi mwangu, na kwa hilo sitaacha kushukuru.

Asubuhi za ukungu bado naketi barazani. Nasikia pikipiki zikipita nisizoziona, nami naitaja kila moja kwa Mola wake.

Nawe unayesoma, Mwenyezi Mungu akuangazie njia kila uingiapo barabarani, akufikishe kwa wanaokungoja, akupe wa kusimama nawe siku utakayoitwa, na atujaalie sote mwisho wenye amani. Amina.