Maneno Yangu ya Haraka

Nakumbuka siku ya pili ya matanga ya mama yangu, mwanangu, na naikumbuka kwa miguu zaidi, maana sikukaa. Nilitoka uani kwetu, mtaa wa Mangobo, hadi barabarani, nikarudi, nikachota maji ambayo hakuna aliyeyaomba, nikatoka tena. Lori la kwenda Uganda lilikuwa linaondoka alfajiri ya kesho yake, na dereva alikuwa ameniwekea nafasi juu ya mizigo. Baba hakujua.

Nilikuwa nimepata kazi ya dukani huko Kampala, na kwa ajili yake nikajifunza Kiingereza. Mwalimu wetu alipenda maneno ya haraka, nami nikayapenda kumpita yeye: hurry, quick, rush, at once. Niliyarudia kimoyomoyo nikipita kati ya wageni. Unajua ujana, ukishika neno jipya unajiona umeshafika.

Sasa, kwetu mgeni wa matanga hatoi mkono wa pole tu akaondoka. Hasa aliyetoka mbali, Maniema huko, anakaa na mtoto wa marehemu na kumweleza alivyomjua mama yake. Mtoto anasikiliza mpaka mwisho. Mimi niliwapokea mlangoni, "asante, karibu, chai iko kule," na baba ndiye aliyekuwa akisikiliza peke yake tangu asubuhi, sauti imemkauka. Nilimwona, mwanangu. Nilimwona na bado nikapita.

Tonton Ramazani, mdogo wake baba, akaniita nikae karibu naye.

"Kuya, ikala hapa. Unifundishe ile maneno yako ya Kiingereza."

Nilifurahi, sikufichi. Nikamweleza: hurry ni kuharakisha tu, quick ni upesi, rush ni kwenda mbio kama watu wanaogombea pirogi ya mwisho ya kuvuka mto, at once ni sasa hivi bila kungoja. "Bon," akasema, "na ingine?" Nikampa lingine. Yeye alikuwa akiangalia magoti yangu, ambayo hayakutulia.

"Iko mingi kweli," akasema. "Alors, mutu mwenye anakimbia ju ya kuogopa kulia, Waingereza wanamuita namna gani?"

Nilifungua mdomo nimjibu, kikatoka kilio. Tangu mama afe sikuwa nimelia. Nililia mbele ya wageni wote, mtu mzima mimi, mpaka kifua kikauma. Baba alisogea kwenye mkeka akanipa nafasi. Mama mmoja mgeni, wa Kindu kule Maniema, akaanza kunieleza jinsi mama yangu alivyomuuguzia mtoto wake, nami nikasikiliza mpaka akamaliza. Lori liliondoka bila mimi.

Kampala nilifika baadaye, na maneno yale yalinilisha. Kwa hiyo sikukatazi kusoma wala kusafiri, jifunze yote. Ila miguu ikikataa kutulia, jiulize ni nani unayeogopa kukaa naye, halafu uende ukakae naye kwanza. Safari itasubiri, na isiposubiri utapata nyingine.

Nakuambia hivi kwa sababu nakuona. Tangu daktari atueleze habari ya ugonjwa wangu, unaingia humu na kutoka, dawa unaileta umesimama, hunitazami usoni. Nami nina hofu kama wewe, mwanangu.

Mungu akufungulie kila njia unayoitamani, akurudishe salama, akupe watu wa kukusikiliza mpaka mwisho siku utakapowahitaji. Mimi bado nipo. Njoo ukae.