Viti Viwili Nyuma ya Maktaba

Wifi yangu ni mwalimu wa hesabu. Ameolewa na kaka yangu tangu nikiwa msichana wa sekondari, na kwa miaka mingi tumefundisha shule moja ya serikali, madarasa yetu yakitazamana. Katika muda wote huo hakuwahi kuniambia jambo la moyoni mwake. Ukimwuliza hali, hujibu "salama" hata akiwa na homa. Watoto wake wakubwa wameshaondoka nyumbani. Amebaki na kitinda mimba, binti wa darasa la sita ambaye sote tunamwita Kitinda.

Ndiyo maana tulishangaa alipochaguliwa yeye kwenda kusomea mpango wa malezi ya tabia. Alirudi na mabango ya heshima, uaminifu na uwajibikaji, nasi tukayasoma tukipiga miayo. Lakini alirudi pia na jambo ambalo nadhani alilibuni mwenyewe. Aliweka viti viwili vya mbao nyuma ya maktaba, bega kwa bega, vikitazama ukuta. Mtoto aliyekosa, au mwenye neno lililomkaa kooni, angemchagua mwalimu anayemtaka, wakae hapo wakati wa mapumziko.

"Kwa nini vitazame ukuta?" mwalimu mkuu aliuliza kikaoni.

"Mtu husema vizuri asipotazamwa usoni."

"Na mzazi ataambiwa?"

"Haambiwi, ila mtoto akiwa hatarini. Wala mwalimu mwingine haulizi. Hata angekuwa mwanangu."

Mwalimu wa michezo alicheka. Ni binti mdogo tunayemwita Filimbi, kwa sababu ya ile anayoivaa shingoni hata siku za mitihani. "Dada," alisema, "mimi nitakaa hapo kupumzisha magoti."

Aliyapumzisha kweli. Watoto walimchagua yeye mpaka wakawa wanapokezana. Wifi alichaguliwa na wale waliotaka kujua kama mtihani utakuwa mgumu. Hilo alilimeza. Alisema mpango ni wa shule, si wake.

Kisha siku moja Kitinda akakaa na Filimbi.

Kutoka darasani kwake wifi aliiona migongo miwili. Mimi, ng'ambo ya uwanja, nilimwona yeye: amesimama dirishani peke yake, chaki mkononi, kama mtu aliyesahau alichotaka kuandika.

"Anacheka," aliniambia tukirudi nyumbani. "Umemwona anavyotupa kichwa nyuma? Nyumbani hacheki hivyo."

"Nyumbani anaosha vyombo, wifi. Nani anacheka na sufuria?"

Aliongeza mwendo.

Wiki iliyofuata Kitinda alikaa tena, na safari hii akalaza kichwa begani mwa Filimbi. Tangu hapo kila alichofanya yule binti kilikuwa na kasoro. Raba zake zinaacha tope ofisini, sauti yake ni ya sokoni, zamu anachelewa. Nyumbani wifi alimnunulia Kitinda viatu vya kamba za zambarau. Alimsuka kwa mkono wake, polepole, akisubiri. Mtoto alisema asante. Mwishowe mama akauliza, kama anayeuliza bei ya vitunguu, "Mwalimu wenu wa michezo hajambo?"

"Hajambo."

Basi, yakaishia hapo.

"Wivu wa mume nimeuona," nilimtania. "Wivu wa kiti ndio kwanza."

"Ana nini yule ambacho mimi sina? Hajazaa hata paka."

Nami sijazaa. Kijiba cha roho humsahaulisha mtu anatembea na nani.

Kikao kilichofuata, wifi alisimama. Alipendekeza viti vihamishiwe mlangoni pa ofisi ya walimu, kwa usalama wa watoto, na mtoto asikae na mwalimu yule yule kila mara. Alizungumza kwa hoja zilizonyooka, na asiyemjua angempigia makofi. Filimbi aliacha kuzungusha filimbi kidoleni.

"Dada, kama ni Kitinda, sema ni Kitinda."

"Nani kamtaja mwanangu?"

"Hakuna. Ndiyo maana nimemtaja mimi."

Mwalimu mkuu, ambaye hupenda vikao vifupi, akapitisha. Viti vikahama siku hiyo hiyo, na hakuna mtoto aliyevikalia tena. Nani atoe siri huku walimu wanampita na vikombe vya chai? Kitinda aliviona pale mlangoni, akajua ni kazi ya nani. Nyumbani akafunga mdomo kabisa. Alikula macho yakiwa kwenye sahani, kisha akaenda chumbani kwake. Wifi alikuwa amemtoa mtoto kwa Filimbi, lakini hakuwa amemrudisha kwake.

Asubuhi moja, kabla ya kengele, nilimkuta wifi anavirudisha viti nyuma ya maktaba, kimoja kila mkono. Sikumsaidia. Kwa namna alivyovishika, hakutaka kusaidiwa.

Jumamosi nilikwenda kwao. Kitinda alinipokea mlangoni kabla sijabisha hodi.

"Shangazi, mama ameweka stuli mbili uani, zinatazama ukuta. Amekaa tu tangu amalize kufua."

"Anakungoja wewe."

"Najua. Sitaki. Kakae naye wewe."

Nikaenda, nikakaa. Ukuta ule una madoa ya mpira wa Kitinda tangu utotoni, nasi tukayatazama. Wifi hakugeuka, nadhani stuli ilivyolia alijua si mtoto. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, akasema ya moyoni. Mahali fulani alicheka, nami nikacheka. Mahali pengine alinilazia kichwa begani, nikatulia nisije nikamkatiza.

Aliyoyasema siyasemi. Kanuni ni yake.

Nilipoingia ndani, Kitinda alikuwa nyuma ya pazia la jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Alikuwa anacheka nini?"

"Mambo yake."

"Amekuambia nini?"

"Siwezi kusema, mwanangu."

"Mimi ndiye mtoto wake. Kwa nini akuambie wewe?"

Nikamtazama. Ilikuwa sura ile ile niliyoiona ng'ambo ya uwanja, ya mama yake dirishani, chaki mkononi.

"Stuli iko wazi," nilisema.

Alikisokota kitambaa, akakitupa mezani. Kisha akanipita, akinisukuma kidogo kwa kiwiko kama mtu anayewahi nafasi yake, akatoka uani. Nilikichukua kitambaa, nikamalizia vyombo vilivyobaki.