Alisahau Kwamba Amevaa Maiki Yangu

Admin, jina langu lifiche kabisa, huku kwetu watu tunajuana hadi mbuzi. Mimi ni dada wa miaka 29, sijaolewa, napiga picha na video za harusi Karagwe na Kyerwa. Nimelelewa na mama peke yake, kijijini Chonyonyo. Mama alitoka Burundi akiwa msichana, akawa kibarua wa kuchuma kahawa kwenye shamba la mfanyabiashara mmoja, mtu wa Muleba aliyehamia huku. Mimba yangu ni ya huyo bwana. Yeye akaenda kuoa kwao, mama akafukuzwa shambani na tumbo lake. Kila alipomtaja baba wa mtoto aliitwa mwongo, eti kibarua anatafuta pa kujishikiza.

Huyo baba nilikuwa nimemwona mara moja tu. Nilipofaulu kwenda sekondari mama alinipeleka dukani kwake kuomba ada. Akatuangalia, akasema, "Mama, mmepotea njia. Huyu mtoto simjui." Kisha akaagiza niletewe soda, mbele ya wateja, aonekane ana huruma. Na mimi nilikunywa, nilikuwa na kiu. Hiyo soda inaniuma hadi leo kuliko maneno yake.

Sasa mwaka huu binti mmoja wa Kiruruma akanitafuta nimpigie picha na video za harusi yake. Mpole, ananiita dada. Akanitumia kadi, nasoma jina la baba wa bwana harusi, ni yeye. Mwingine angekataa kazi. Mimi nilimjibu, "Nakuja mdogo wangu, wala usihangaike." Mama nikamficha.

Tulipotoka kanisani tukaenda Songambele, kwa huyo mzee. Siku hizi ni mzee wa kanisa, kavaa kanzu na koti, anang'aa. Nikamwendea nimbandike maiki ndogo isiyo na waya kifuani ili maneno yake yasikike kwenye video. "Shikamoo baba." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," kama anavyomwitikia yeyote, hata usoni hakuniangalia. Nikashindwa kubana kile kibanio mpaka MC akanisaidia.

Kwa wasiojua mila za huku, bibi harusi akifika ukweni baba mkwe anampakata mapajani, anatamka mbele ya watu kwamba sasa huyu ni mtoto wake. Mzee akampakata, akasema, "Huyu ni mtoto wangu. Atakayemgusa amenigusa mimi." Vigelegele kila kona. Binti aliyemjua juzi kapewa kwa dakika moja kitu ambacho mimi damu yake nimekikosa maisha yangu yote.

Nikasema, "Samahani baba, haijatoka vizuri. Mpakate tena." Nilidanganya, ilitoka safi kabisa. Akarudia. Nikasema, "Sauti iko chini, baba. Tamka kwa nguvu huyu ni nani wako." Watu wakacheka, wakadhani ni mbwembwe za kazi. Hapo nikashusha kamera, nikamtabasamia. Nina mwanya kama wake, na sura yangu ni mama mtupu. Nilimwona anavyonitambua, jasho likamtoka. Mara ya tatu alisema "Huyu ni mtoto wangu" macho yake yakiwa kwangu. Nilifurahi, siwafichi. Natamani ningemfanya arudie hadi jioni.

Watu walipokwenda kwenye chakula akanivuta migombani nyuma ya nyumba. "Umetumwa na mama yako?" Nikamwambia mama hajui chochote. Akasema, "Najua wewe ni wangu. Hata siku ile dukani nilijua. Sasa nimeshatamka mbele za watu huku nakuangalia wewe, unataka nini tena? Ukimaliza kula chukua vifaa vyako uende, usinitie aibu kwa mwanangu." Eti ndiyo kanikubali hivyo, kwa kumpakata mwingine. Nikaondoka na hasira zangu.

Alisahau maiki. Bado ilikuwa kifuani, na kamera niliiacha kwenye stendi inarekodi. Nimekuja kugundua nyumbani nikiwa naunganisha video. Kwenye picha watu wanajipakulia ndizi na nyama, huku sauti ya mzee inasema yote, neno kwa neno.

Nikamsikilizisha mama. Alikuwa anamenya ndizi. Akaniambia rudia, nikarudia, akasema rudia tena. Ilipofika "hata siku ile dukani nilijua" akaweka kisu chini, akalia. Akasema, "Kumbe alijua. Wameniita mwongo mpaka nikaanza kujitilia shaka mwenyewe." Baadaye akajifuta akasema, "Lakini huyo binti wa watu hana kosa, mwanangu. Usimharibie ndoa yake changa."

Jumapili hii ukoo mzima unakutana kwa mzee kuangalia video, wamekodi na projekta. Bibi harusi kanipigia, "Dada, lazima uje, utakaa na sisi." Nimetengeneza video mbili. Moja ni ya harusi tu. Kwenye nyingine, mzee anapompakata binti na kufungua mdomo, inayosikika ni ile sauti ya migombani.

Msiniambie nimwachie Mungu, nimemwachia tangu nizaliwe. Bibi harusi simchukii, ni mke wa mdogo wangu wa baba mmoja ingawa hawajui. Ila namtaka yule mzee ainamishe kichwa mbele ya watu wake, kama mama yangu alivyotoka dukani kwake ameinamisha cha kwake.

Ndugu zangu, nimeshaamua kitu kimoja tu, Jumapili wakinipa soda sinywi. Hilo lingine nimeshindwa, nishaurini nyie. Niwawekee video ipi?