Meno Yangu na Maji ya Didia

Meno yangu ya mbele yalitoka na mistari ya kijivu, na mpaka namaliza darasa la saba nilikuwa nikicheka nimeziba mdomo kwa kiganja. Nyumbani sababu ilikuwa moja: maji ya Didia. Kijijini tulikotoka wengi walikuwa na meno ya kahawia, na Mama alimweleza hivyo kila aliyeuliza, hata asiyeuliza. Mdogo wangu wa kiume alikunywa maji ya kisima kilekile na meno yake yalikuwa meupe. Hilo halikuzungumzwa.

Miaka ya tisini tulihamia Segese kufuata dhahabu. Baba alishuka mashimoni, Mama akafungua kibanda cha bati. Aliuza sabuni, betri, sigara, na vile vidonge vya antibiotiki vya rangi mbili, vyenye unga ndani, ambavyo wachimbaji walinunua kimoja kimoja. Walimeza kwa kikohozi, kwa tumbo, kwa ugonjwa wasioutaja. Mwenye jeraha alifungua kidonge akanyunyiza unga wake juu ya kidonda. Kwetu havikuwa vigeni. Nilikuwa mtoto wa kuugua kifua, na nakumbuka, tukiwa bado Didia, unga wa njano ukimwagwa kwenye uji wangu, na uchungu ambao sukari haikuufuta.

Mama alipopata mimba nyingine nilimsindikiza kliniki. Tulikaa benchi moja na wanawake wa pale Segese. Mmoja alinitazama, akasema, "Binti mzuri huyu. Ila akicheka, ng'ombe wawili wa mahari wanarudi zizini."

Wakacheka. Mama naye akacheka.

Nesi alisikia, akaniita. "Hebu fumbua mdomo. Mlikunywa maji ya wapi?"

"Ya Didia," Mama akajibu kabla yangu.

"Meno ya maji nayajua, huwa na madoa. Haya yana mistari. Utotoni alipewa zile za rangi mbili?"

"Hapana, sista."

"Na wewe, kwa mimba hii? Maana dawa ile inamfikia mtoto tumboni, inaingia kwenye meno na mifupa yake."

"Sijameza hata kimoja."

Asubuhi ileile alikuwa amemeza kimoja kwa chai, kwa sababu ya kikohozi. Nilitazama sakafu. Yule mwanamke wa mahari alivuta kanga yake hadi kidevuni; jana yake alikuwa dirishani pa kibanda chetu akinunua vidonge hivyohivyo. Benchi zima lilijua. Aibu ya meno nilikuwa nimeizoea. Hii ya kumsikia Mama akijibu kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa sikujua niiweke wapi.

Njiani alisema, "Ningejibuje, mbele ya wateja?"

"Kifua bado kinakubana?" nilimuuliza.

"Bado."

Jioni mchimbaji alibisha dirishani. "Mama, nipe rangi mbili."

"Zimeisha," alisema. Kopo la vidonge lilikuwa nyuma ya sabuni, nusu limejaa.

Mtoto alizaliwa wa kike. Kila asubuhi Mama alimpitishia kidole kwenye fizi, akitafuta jino, kisha akanitazama mdomoni haraka na kugeuka. Nilipoondoka kwenda kusoma Shinyanga, fizi ilikuwa imevimba, na jino lilikuwa bado ndani.