Ukurasa Uliooshwa kwa Maji ya Waridi

Bibi yake mama yangu alikuwa akiazimisha vitabu. Nalieleza hili polepole kila ninapoulizwa, kwa sababu wengi hudhani mwanamke wa Unguja wa karne ya kumi na tisa alisoma msahafu tu. Yeye alikuwa na kasha zima, na wanawake wa mtaa walikuja kuazima. Hakutoza chochote ila habari. Ukirudisha kitabu, ulete habari moja ya kweli: nani kajifungua, nani kaachwa, nyumba gani imeungua. Akiiandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na kila Alkhamisi akiwasomea wote ukumbini. Basi daftari lake lilikuwa orodha ya maktaba na gazeti kwa pamoja. Sijasikia mwanamke mwingine wa mtaa ule aliyemtangulia kwa hilo.

Tulipohamia Maskati baada ya mwaka 1964, kasha lilibaki kule. Mama aliokoa daftari tu, amelizungushia kanga. Mshono ulikuwa umekatika, karatasi zimeachana. Nikaanza kulinakili, ukurasa mmoja kwa siku, na kwa heshima nikalifunga kitambaa cheupe na kuliweka rafuni kando ya msahafu. Hapo ndipo nilipokosea.

Jirani yetu, mwanamke wa Kiarabu wa hapo hapo, hakujua kusoma. Alikuwa na binti wa miaka miwili, na wiki ile mtoto alishikwa na homa. Adhuhuri moja akaja mbio.

"Bibie, mwanangu kanywa, katoka jasho kidogo. Nipe na ya pili."

"Kanywa nini, khala?" nikamwuliza, kwa neno lao la mama mdogo.

"Karatasi yenu tukufu. Nilipita asubuhi hamkuwapo, nikapiga bismillahi nikachukua moja. Nimeiosha kwa maji ya waridi, haikubaki hata nukta."

Kuosha aya na kumnywesha mgonjwa ni jambo la kawaida. Sisi twaita kombe, na wao pia wanalo. Wino wa bibi ulikuwa wa masizi, hutoka kwa maji mara moja. Nikafungua kitambaa, nikazihesabu karatasi. Ukurasa uliokosekana ulikuwa mmoja katika zile ambazo sikuwa nimezinakili. Hata kuusoma sikuwahi.

Mama alicheka bila furaha. "Daftari umelivisha kilemba, umelikalisha na msahafu, sasa washangaa watu wakilitukuza?" Kisha akaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini: "Mwambie, mwanangu. Nna khofu. Maadamu anangoja karatasi, hampeleki mtoto hospitali."

Nilijua kumwambia ni kumwaibisha. Nilijua pia kwamba nikinyamaza atarudi kesho kwa ukurasa wa tatu, na mtoto bado anaungua.

"Khala, zile si aya. Ni habari za majirani wa Unguja, za zamani."

"Habari gani?"

"Huo sijui. Sikuwahi kuusoma."

"Yaani nimemnywesha mwanangu umbeya?"

"Umbeya wa kweli," mama akamjibu. "Bibi yangu hakuandika uongo."

Jirani hakucheka. Alikaa sakafuni, akajifunika uso kwa shela. Mimi nikavaa buibui, nikaenda kumbeba mtoto. Alikuwa moto kama jiwe la juani. Tulikodi gari mpaka hospitali ya Matrah, mji wa jirani, mimi, mama na khala tukiomba tuwahi kurudi kabla lango la mji wetu halijafungwa, maana siku hizo lilifungwa kila usiku. Hatukurudi. Daktari alituzuia, akauliza mara mbili homa imeanza lini.

Mtoto aliishi. Lakini sikio lake la kushoto halikusikia tena, na daktari hakusema kama kuwahi siku moja kungeleta tofauti. Mimi nimejiuliza miaka yote hii, na ukurasa ule pia nimeulilia, nikiona haya kuviweka vilio hivyo viwili pamoja.

Mtoto alipotoka hospitali, jirani alikuja na kukaa palepale sakafuni.

"Kule hospitali uliniambia bibi yenu alikuwa akilipwa habari. Mimi nilichukua, sijalipa. Andika."

Nikachukua karatasi mpya na penseli, isiyotoka kwa maji, nikaiweka karatasi pale palipokuwa na pengo.

"Andika kwamba binti yangu yu hai," akasema. Akanitazama nikimaliza. "Andika na kwamba nilichelewa."